Kuzama na Kuibuka Ukingoni mwa Nyanza

Majina mengi ya kazi katika Kiswahili humtaja mtendaji kwa ustadi wake. Mvuvi ametajwa kwa kuvua, mshoni kwa kushona, mwalimu kwa elimu anayoitoa. Muuguzi peke yake ametajwa kwa maradhi ya mwenziwe. Shina la jina lake ni kuugua. Kwa sheria ya mnyambuliko, kuuguza kungepaswa kuwa kumfanya mtu augue, kama vile kulaza ni kumfanya mtu alale. Lakini wenye lugha hawakukusudia hivyo. Kwao, mwenye kuuguza ni yule aliyekaa na mgonjwa, akakesha naye na kuyabeba maradhi pamoja naye, kana kwamba ugonjwa ni mzigo wenye vishikio viwili. Kabla ya kuwapo wodi na sare nyeupe, neno hilo lilikuwa la mama, shangazi na bibi. Hospitali ilipokuja, ilichukua neno la nyumbani ikalivisha viatu.

Neno la pili linalohusu habari hii ni uzamili, jina tulivu ambalo Kiswahili kimeipa shahada ya pili ya chuo kikuu, na juu yake uko uzamivu. Sikio la mtu aliyekulia majini haliwezi kuyasikia maneno hayo mawili bila ya kusikia kuzama. Kwa watu wa pwani na visiwa vya bahari ya Hindi, jambo hilo lina uzuri wake. Elimu ni bahari, wamesema wazee, na mzamiaji ndiye aletaye juu kile ambacho jicho la juu ya maji haliwezi kukiona.

Mwanza, hata hivyo, kuzama hakutamkwi kwa wepesi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Mwanza, ikaondoka na mamia ya abiria. Makaburi ya Igoma yanaikumbusha siku hiyo mpaka leo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayesema kwamba anakwenda kuzama anapaswa kueleza mara moja ataibukia wapi.

Swali hilo la kuibuka ndilo lililomkesha muuguzi mmoja, mwenyeji wa Ukerewe na mkazi wa Mwanza, katika miezi aliyokuwa akijaza fomu za kuomba uzamili. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwani wenziwe wenye fomu kama hizo ni wengi. Mwaka ilipozama MV Bukoba alikuwa na umri wa miaka 9, na habari ile ilimfikia kisiwani kwa redio ya jirani. Leo ni mama wa watoto watatu, na usiku wa zamu yake huwa ni mama wa watoto wengine thelathini.

Ngazi aliyoipanda ndiyo wanayoipanda wauguzi wengi wa Tanzania Bara. Kuna astashahada ya miaka miwili, kuna stashahada ya miaka mitatu, kisha shahada ya kwanza ya chuo kikuu, ambayo hufuatwa na mwaka wa mazoezi kazini chini ya uangalizi. Juu ya vyote hivyo imesimama Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo liandikishalo na kutoa leseni. Zanzibar ina baraza lake. Yeye alianza kwa stashahada, akafanya kazi miaka sita katika hospitali moja ya wilaya, ndipo akarudi darasani kutafuta shahada. Kwa hiyo alipofikiria uzamili hakuwa msichana mwenye hamu ya kofia ya mahafali. Alikuwa mtu mzima mwenye mkopo wa benki, mume afanyaye kazi ya muda katika kiwanda cha minofu ya samaki, na mama mzee Ukerewe aliyehitaji fedha za dawa ya shinikizo la damu kila mwezi.

Hamu yake ilitoka wodini. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zilizo na ugonjwa wa selimundu kwa wingi, na watoto wenye maradhi hayo hawakosekani wodini hata siku moja. Waliolibuni neno hilo wanastahiki shukurani za kila mshairi: seli, iliyopinda kama mundu. Usiku mmoja mama kijana kutoka mashamba ya mpunga ya Misungwi aliuliza damu ya mwanawe ina nini. Muuguzi akamjibu kwamba chembe za damu za mtoto yule, badala ya kuwa za mviringo, zimepinda kama mundu, na zikifika katika mishipa myembamba hunasana na kuziba njia, ndipo mifupa ikauma. Mama yule, ambaye kila msimu hukata mpunga kwa mundu, hakuhitaji maelezo zaidi. Aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akauliza jambo jingine.

"Sista, mwanangu hajajua kusema. Mnajuaje uchungu wake umefika wapi?"

Jibu la swali hilo lipo, na lina kurasa zake katika mitaala ya uuguzi wa watoto duniani. Mtoto asiyeweza kusema hutazamwa mambo matano: uso wake, miguu yake, mjongeo wa mwili wake, kilio chake, na kama anatulizika akibembelezwa. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 mpaka 2, na jumla yake huwa kati ya 0 na 10. Muuguzi alilijua jibu hilo kwa muhtasari, kama mtu ajuaye jina la mji asiowahi kufika. Alitaka kufika.

Mji wenyewe, kwa bahati, haukuwa mbali. Juu ya kilima cha Bugando imesimama hospitali kubwa iliyojengwa kwa juhudi za Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Muda si mrefu baadaye iliingia mikononi mwa serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa Kanisa kwa makubaliano ya kuiendesha kwa ushirikiano. Leo ni hospitali ya rufaa ya Kanda, ipokeayo wagonjwa wa Mwanza, Geita, Simiyu, Mara, Kagera, Shinyanga, Tabora na Kigoma. Mwaka 2003 kikaanzishwa pale chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nacho kikakua hata kikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi. Shule yake ya uuguzi imepewa jina la Askofu Mkuu Antony Mayala, aliyeliongoza jimbo la Mwanza mpaka kifo chake mwaka 2009. Humo ndimo unamosomeshwa uzamili wa uuguzi wa watoto.

Lakini mlango mmoja ukiwa wazi hauwafanyi wengine wasahau milango mingine. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, ambako shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza kutolewa mwaka 1988, kina uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, uzamili wa uuguzi wa afya ya akili, na uzamili wa ukunga na afya ya mwanamke. Mtu wa Mwanza anayetaka mojawapo ya hiyo mitatu hana budi kuiaga nyumba yake kwa miaka miwili.

Wenzake walimshauri kila mmoja kwa upande wake. Aliyefanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi alimsifia elimu ya kule: namna ya kuiongoza mashine ya kupumulia, kusoma gesi za damu, kupima fahamu za majeruhi kwa kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, chenye alama kuanzia 3 kwa aliyezimika kabisa mpaka 15 kwa mwenye fahamu zake zote. Katika mji wa bodaboda, alisema, mtaalamu wa namna hiyo hatakosa kazi hata siku moja. Ilikuwa hoja nzito, na hakuna aliyeipinga.

Mkunga mmoja mtu mzima, aliyekuwa karibu na kustaafu, alimvutia upande wa ukunga, na hoja yake ilikuwa na uzito wa aina nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Kushuka huko, alisema yule mama, hakukuletwa na maombi peke yake. Kuliletwa na watu waliokaa na mzazi usiku kucha wakichora mwendo wa uchungu katika karatasi, waliojua dalili za kifafa cha mimba kabla hakijapiga, na waliojua kuizuia damu baada ya uzazi. Uzamili wa ukunga humfundisha mtu hayo kwa undani wake, na humfundisha pia kuwafundisha wengine. "Na 104 bado ni wengi, mwanangu," alimalizia. "Kila mmoja ana watoto wanaomngoja."

Msomaji wa fasihi atakumbuka kwamba Ukerewe imewahi kutoa kitabu kizima juu ya jambo hilo la kupata na kukosa mtoto. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe, na mswada wake ulikamilika mwaka 1945. Baadaye akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto, na ndoa yao inatikiswa na jamaa hadi mganga anapopatikana. Ndani ya kitabu hicho mmejaa dawa za mitishamba, miiko, chakula cha mgonjwa, na adabu za mtu anayemwuguza mwenziwe. Kikisomwa kwa jicho la muuguzi, ni kumbukumbu ya huduma ya afya ya kisiwa kabla ya hospitali, iliyoandikwa na mtu aliyeogopa kwamba elimu ile itapotea. Bibi wa huyu mwenyeji wa Ukerewe alikuwa mkunga wa jadi. Neno mkunga limekaa jirani na kunga, yaani siri inayofundishwa faraghani. Na kwa hakika bibi yule hakumfundisha mjukuu wake kitu, kwa kuwa alimwona bado mdogo, akafa nayo.

Mlango wa tatu, ule wa afya ya akili, ndio uliomgusa kwa namna asiyoitazamia. Katika fani hiyo mwanafunzi husoma maradhi ya akili na dalili zake, dawa zake na madhara yake, mbinu za ushauri nasaha, huduma za jamii, na hupelekwa kufanya mazoezi miongoni mwa wagonjwa wenyewe. Wazanzibari wanaijua hospitali ya Kidongo Chekundu, na watu wa Bara wanaijua Mirembe ya Dodoma. Majina hayo mawili yamekuwa matusi midomoni mwa watani, na hilo peke yake linaonyesha kazi iliyopo. Lakini kazi ngumu kuliko zote iko katika maneno. Hojaji za kupima maradhi ya moyo mzito zilitungwa kwa Kiingereza. Mtafiti akitaka kuzitumia Mwanza hana budi kuzitafsiri, kisha mtu mwingine, asiyeiona asili, azirudishe katika Kiingereza, ili ionekane kama maana imefika salama.

Hapo ndipo muuguzi anapomhitaji mshairi. Kiswahili kina huzuni, kina simanzi, majonzi, jitimai, ghamu na sononeko, na kila moja lina kina chake. Wataalamu wamelichagua neno sonona kwa maradhi yenyewe, na wamechagua vyema, kwani kusononeka ni kuumia kwa ndani bila ya kelele. Lakini mwanamke wa Sengerema aliyepoteza mtoto hatasema ana sonona. Atasema ana mawazo, au moyo wake umechoka, au usingizi umemkimbia. Na kama anasema kwa Kisukuma, itakuwa njia nyingine tena. Muuguzi asiyezijua njia hizo ataweka alama ya sifuri penye kidonda. Hakuna darasa la chuo kikuu litakalomaliza kazi hiyo, ingawa darasa linaweza kumfundisha mtu kwamba kazi hiyo ipo.

Mtu anayeitazama mitaala hii kwa pamoja atagundua kwamba fani hugawanyika juu, lakini chini zina mizizi mimoja. Kila mzamili wa uuguzi, awe wa watoto au wa mahututi, hana budi kupita katika mbinu za utafiti, takwimu, elimu ya mienendo ya magonjwa katika jamii, maadili, uongozi na mbinu za kufundisha. Mihula minne ndiyo desturi. Mwaka wa kwanza humezwa na darasa na wodi. Wa pili humezwa na utafiti na tasnifu. Mwombaji naye hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza ya uuguzi yenye alama za kuridhisha, na leseni hai. Karatasi hizo huombwa katika nakala zilizothibitishwa, na mwenye kuishi visiwani huzifuata kwa boti.

Miongoni mwa masomo ya shina, lipo moja ambalo mwanzoni wanafunzi wengi huliona kuwa ni pambo: nadharia za uuguzi. Humo hukutana na Florence Nightingale, aliyechapisha kitabu chake juu ya uuguzi mwaka 1859 na kuona chuo kikifunguliwa kwa jina lake London mwaka 1860. Hukutana pia na Dorothea Orem, Mmarekani, ambaye mwaka 1971, mwaka uleule Bugando ilipofunguliwa, alitoa kitabu kilichojengwa juu ya wazo la kujitunza. Kwa maelezo ya Orem, mtu mzima hujitunza mwenyewe; akishindwa kwa sababu ya maradhi, muuguzi huingia kuziba pengo, na lengo la muuguzi ni kumrudisha mgonjwa katika uwezo wa kujitunza.

Ni wazo lenye nguvu, na limewasaidia wengi. Lakini lipeleke katika wodi ya Mwanza saa ya kutazama wagonjwa. Pale pana shangazi aliyeshika bakuli la uji, pana mjomba aliyekuja na nguo safi, pana jirani aliyetoka Magu kwa daladala na mfuko wa machungwa. Mgonjwa hajitunzi, wala hajawahi kujitunza peke yake alipokuwa mzima. Ametunzwa. Waswahili wamesema mkono mmoja haulei mwana, na methali hiyo ni nadharia ya uuguzi iliyo kamili, ila haikupata mtu wa kuiandikia kitabu. Madeleine Leininger, naye Mmarekani, aliyekwenda kuishi na watu wa nyanda za juu za Papua New Guinea ili ajifunze wanavyotunzana, aliufungua mlango huo kwa kusema kwamba utunzaji hauna budi kusomwa ndani ya utamaduni wa anayetunzwa. Mwanafunzi wa Nyanza akifika kwa Leininger hupumua kidogo, kwa kuwa amepewa ruhusa ya kumleta bibi yake darasani.

Katika uuguzi wa watoto ruhusa hiyo hupata mwili. Mtoto njiti, ambaye zamani aliachiwa mashine ya joto kama mashine ipo, sasa hufungwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa njia iliyoanzishwa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine hazikutosha. Wenye kuiita njia hiyo kwa jina la kangaruu wametafuta mbali, kwani mwanamke wa Kiafrika mwenye kanga anaijua maana ya kumfunga mtoto mwilini. Mwanafunzi hujifunza pia kuhesabu dawa kwa uzito wa mtoto, kilo kwa kilo, ambako nukta iliyokosewa mahali pake yaweza kuua, hatua za ukuaji wa mwili na akili, lishe, na huduma shufaa, ile inayotolewa tiba inapokuwa haina tena la kufanya na mtoto bado yupo. Sehemu hiyo ya mwisho, wanasema waliopitia, ndiyo inayowatoa watu wazima machozi darasani.

Basi swali la mlango lilijibika. Mama wa Misungwi alikuwa amekwisha kulijibu bila ya kujua. Lililobaki ni lile la kuibuka.

Ada ya uzamili ni nzito, na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza. Mwenye mwajiri mwema hupewa ruhusa ya masomo na mshahara wake ukaendelea. Asiye naye huuza kiwanja. Yote hayo yanahesabika. Lisilohesabika ni kinachofuata. Masikio ya Watanzania yamemzoea daktari bingwa. Yakisikia muuguzi bingwa, husita. Mzamili anaporudi kazini mara nyingi hukabidhiwa ofisi, funguo na orodha ya zamu, au huitwa kufundisha chuoni, na hizo zote ni kazi za heshima. Wengine huchukuliwa na mashirika, wengine na hospitali za Ghuba au Uingereza, ambako mshahara wa mwezi mmoja hushinda wa miezi mingi ya nyumbani. Katika njia zote hizo muuguzi huyo huyo, aliyezama ili amjue mtoto asiyeweza kusema, huibuka mahali ambapo mtoto huyo hayupo.

Hakuna wa kulaumiwa kirahisi. Mwalimu wa uuguzi huwafikia watoto elfu kwa mikono ya wanafunzi wake. Mwenye kutuma fedha kutoka Muscat hujenga nyumba ya mama yake na kusomesha wadogo zake. Hata ofisi inahitaji mtu anayejua wodi. Ila ukweli unabaki kwamba elimu ya kitandani, ikizidi kupanda, huelekea kuondoka kitandani. Na mgonjwa, ambaye ndiye aliyezaa jina la muuguzi, hubaki na yule aliyesoma kidogo na mwenye zamu ndefu kuliko wote.

Jambo hilo muuguzi alilizungumza na mama yake alipokwenda Ukerewe kwa mapumziko ya siku mbili. Mzee yule hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alisikiliza hadi mwisho kuhusu mihula, ada na tasnifu.

"Ukimaliza, bado utawashika watoto?" aliuliza.

"Sijui, mama. Huenda wakanipa ofisi."

"Basi waambie mapema kwamba ofisi yako iwe na vitanda."

Kauli hiyo, iliyotolewa na mtu aliyekuwa akichambua dagaa, ina maana kubwa kuliko sera nyingi. Kinachotakiwa ni cheo kinachokua bila ya kumhamisha mwenye nacho: muuguzi bingwa wa watoto mwenye mshahara wa ubingwa, anayefundisha wadogo zake palepale wodini, anayefanya utafiti juu ya wagonjwa anaowajua kwa majina, na ambaye usiku bado anasikia kilio. Ukara ilipopatwa na msiba, sehemu ya michango ya rambirambi ilielekezwa kukiendeleza kituo cha afya cha Bwisya. Majengo yakipatikana, huhitaji watu, na watu wenye elimu ya juu hawatakaa kisiwani ikiwa elimu yenyewe imewaeleza, kwa vyeo na kwa mishahara, kwamba kisiwa ni mahali pa kuanzia tu. Visiwa vya Unguja na Pemba vinalijua jambo hilo vyema, kwani navyo vimewatazama wasomi wao wengi wakipanda boti na kutorudi.

Fomu ilipelekwa Bugando. Katika nafasi ya kueleza utafiti anaokusudia kuufanya, muuguzi aliandika kwamba angependa kukusanya maneno ambayo mama wa Kanda ya Ziwa huyatumia kuueleza uchungu wa mtoto mwenye selimundu asiyejua kusema: anachoma, anapwita, anakeketa, anavunjika, na mengine yaliyo katika Kisukuma, Kikerewe na Kijita ambayo hayajaingia katika hojaji yoyote. Kisha ayalinganishe na zile alama za kuanzia 0 mpaka 10, aone kama mama na kipimo wanasema jambo moja. Yawezekana sana kwamba mama ameliona jambo saa nzima kabla ya kipimo.

Tasnifu hiyo, ikiandikwa, itakuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya chuo. Lakini mwishoni, penye viambatisho, itabidi kuwe na orodha ya maneno ya akina mama kama walivyoyasema, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho mkulima wa mpunga anaweza kukisoma na kukikataa akitaka. Orodha hiyo ikipatikana, si wauguzi peke yao watakaoihitaji. Wapenzi wa ushairi nao, walio wepesi wa kudhani kwamba msamiati wa uchungu umekwisha kukusanywa na washairi wote waliopita, watakuta ndani yake maneno yaliyokuwa yakisemwa kila usiku wodini, na hakuna aliyeyaandika.